Mimi Sikuifuata Barabara

Ukutani kwa shangazi yangu, pembeni ya dirisha la fremu anayompangisha fundi cherehani, pana alama ya X ya kijani yenye ukubwa wa sinia la pilau. Walioichora walikuja asubuhi na kopo la rangi, brashi na tepu ya kupimia. Mmoja alisimama katikati ya lami, mwenzake akavuta tepu hadi barazani, wakaitana namba, wakapaka, wakahamia nyumba ya jirani. Shangazi aliwakaribisha chai. Wakasema wana kazi nyingi mbele, na kweli walikuwa nazo: hadi jua linazama kijiji chote kilichojipanga kando ya barabara kuu kilikuwa kimetiwa alama, kama magunia ya mpunga yanayosubiri lori.

Jioni ile vijiweni watu waliulizana jambo moja tu: yako rangi gani? Mwenye kijani alijibu kwa sauti. Mwenye nyekundu alikuwa na shughuli ndani.

Kwa msomaji asiyeishi kando ya barabara kuu za Tanzania, nieleze kidogo. X nyekundu maana yake nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara ya tangu zamani. Mwenyewe anahesabiwa mvamizi, anatakiwa abomoe kwa mkono wake, na fidia hana. X ya kijani maana yake nyumba ilikuwepo kihalali, ila mpaka wa hifadhi umesogezwa ukaikuta. Huyo atalipwa siku eneo litakapohitajika. Mtaani hakuna anayeyasema maneno yote hayo. Mtaani wanasema kuna walioifuata barabara na kuna waliofuatwa na barabara. Msemo huo umepanda hadi kwenye majukwaa ya wakubwa, na ukimsikiliza mtu yeyote anayedai fidia utamsikia akianza nao, kabla hata hajasema jina lake: mimi sikuifuata barabara, barabara ndiyo iliyonifuata.

Sentensi hiyo ni kesi nzima. Aliyefuatwa ni mwenye haki, aliyefuata ni mhalifu, na kati yao hakuna mtu wa tatu. Tatizo ni kwamba anayeamua nani kamfuata mwenzake ndiye huyo huyo mwenye barabara.

Hesabu yenyewe ni ya mita saba na nusu. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 45, yaani 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zikaitanua hadi mita 60, yaani 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 akapata nyekundu. Aliyejenga kati ya 22.5 na 30 akapata kijani. Kwenye karatasi, mita 7.5 ni mstari mwembamba. Kwa shangazi ni baraza, fremu mbili na nusu ya sebule yenye picha ya marehemu mumewe.

Mgawanyo huo wa rangi unaonekana safi mpaka ufike Kimara, Dar es Salaam.

Mwaka 2017, kuanzia Kimara hadi Kiluvya kando ya Barabara ya Morogoro, nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa ili barabara ipanuliwe kuelekea Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane. Zilikwenda nyumba za kuishi, maduka, nyumba za ibada, vituo vya mafuta. Fidia haikutolewa, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo: hawa waliifuata barabara. Hifadhi katika kipande hicho si mita 30 wala 22.5. Ni mita 121.5 kila upande, kwa msingi wa sheria ya barabara ya enzi ya Mwingereza, ya mwaka 1932. Zijumlishe pande mbili upate mita 243. Vilaze viwanja viwili vya mpira kwa urefu, kimoja mbele ya kingine, na bado utabaki na nafasi ya kuegesha magari ya mashabiki.

Niseme ukweli wote, maana makala za aina hii hupenda kuwaosha waliobomolewa wakang'aa kuliko walivyokuwa. Wapo walioujua mpaka. Wapo walionunua kwa bei ya kutupa kwa sababu dalali aliwanong'oneza kwamba eneo lina "utata kidogo", wakajenga ghorofa juu ya utata huo wakitumaini kwamba nyumba ikishakuwa kubwa hakuna atakayethubutu kuigusa. Hesabu hiyo iliwahi kuwalipa wengi katika nchi hii. Na katika haki ya namna yake, tingatinga halikuchagua: Novemba 2017 Rais John Magufuli aliagiza sehemu ya makao makuu ya TANESCO pale Ubungo ibomolewe pamoja na jengo la Wizara ya Maji, kwa kuwa nayo yalikuwa ndani ya hifadhi.

Lakini hebu litazame jambo hilo tena. Kama shirika la umeme la taifa na wizara nzima, zenye wanasheria, wapima na makabati ya ramani, zilijenga ndani ya hifadhi ya barabara, mkulima wa mihogo aliyenunua ekari moja Mbezi miaka ya themanini angeujuaje mpaka? Aende wapi akasome tangazo la mkoloni? Alichokiona ni pori na mikorosho. Baadaye akaona nguzo za umeme zikichimbiwa hadi mlangoni kwake, bomba la maji likapita, akaja mtu wa kodi ya majengo na stakabadhi. Alipouza kipande kwa jirani, mauziano yaliandikwa ofisini kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yakagongwa muhuri, na ikaachwa pale ile asilimia 10 ambayo kila mnunuzi wa kiwanja Dar es Salaam anaijua ingawa ukiuliza iko katika sheria gani unatazamwa kama mgeni. Kila mkono wa dola uliopita pale ulimwambia kwamba yuko kwake. Mkono mmoja tu ulikuwa na habari nyingine, nao ulisubiri hadi ulipokuwa na tingatinga.

Hapa ndipo ninapoukataa ule msemo wa kufuata na kufuatwa. Mtu hawezi kukifuata kitu asichokiona. Kama Serikali inataka mita 121.5, isimike nguzo za mipaka, izipake rangi, izilinde zisiibwe, na imkataze mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri ndani yake. Ikishindwa kufanya hivyo kwa miaka themanini, sehemu ya kosa ni yake, na sehemu ya fidia nayo iwe yake.

Hatusemi kwamba Serikali inanunua ardhi kwa lazima, kama wasemavyo katika nchi ambako mtu anamiliki udongo hadi chini. Kwetu ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Raia anamilikishwa haki ya kuitumia. Kwa hiyo Serikali hainunui, inatwaa. Jina la sheria ni hilo, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Kitenzi hicho Waswahili tunakitumia sana misibani, na sidhani kama waliotafsiri walikuwa na nia mbaya, ila masikio yana kumbukumbu zake.

Sheria hiyo ilizaliwa mwaka mmoja na Azimio la Arusha na inafanana na mwaka wake. Inamruhusu Rais kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma baada ya taarifa ya wiki sita. Inaagiza fidia ilipwe, lakini kwa ardhi tupu haikutaka kulipa kitu. Mantiki ilikuwa kwamba ardhi yenyewe haina thamani, ni zawadi ya Mungu. Chenye thamani ni jasho, yaani nyumba, kisima, minazi. Mthamini akija anahesabu mabati na miti, halafu kiwanja chenyewe anakiruka kama hakipo. Mantiki hiyo ilikuwa na uzuri wake kwa taifa lililotaka kuua ukabaila. Ikafika mahali ikawa njia rahisi ya kuchukua bila kulipa.

Aliyeitikisa hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, mkoani Arusha, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe Joseph. Waliporwa shamba lao wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini, wakaenda mahakamani kulidai, wakashinda, wakarudishiwa. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki zote za kimila za namna hiyo katika vijiji vilivyoandikishwa, bila fidia, na kuzifunga mahakama mdomo. Baba na mwana wakarudi mahakamani, safari hii wakiishitaki sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba: huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia inayostahili. Ikaongeza kwamba hata pale ambapo hakuna nyumba wala mazao, mtu aliyeitunza ardhi kwa kuifanyia kazi anastahili kitu.

Kati ya kesi hiyo na kazi ya tume ya Profesa Issa Shivji iliyozunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza malalamiko ya ardhi, ilikuja sera ya 1995, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Humo ndimo yalimoandikwa maneno ambayo kila mguswa wa mradi anapaswa kuyajua kwa moyo: ardhi ina thamani, na anayetwaliwa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

"Mguswa" ndilo neno la miradi siku hizi. Zamani walikuwa waathirika, neno likaonekana lina lawama. Wengine wanasema wapisha mradi, kana kwamba mtu alikuwa amesimama mlangoni tu akasogea.

Mguswa, basi, hupitia mambo haya. Kwanza anatembelewa na mthamini akiwa na mwakilishi wa serikali ya mtaa. Anapigwa picha mbele ya nyumba yake akishika kibao cha namba kifuani, mkao ambao tunauhusisha na watu wa aina nyingine. Vyumba vinapimwa, miti inahesabiwa mmoja mmoja, mchanga kwa mzee, na inatangazwa tarehe ambayo baada yake chochote kitakachoongezwa hakihesabiki. Kabla ya tarehe hiyo kuna usiku kadhaa ambapo mipapai hupandwa kwa tochi. Nimewahi kuona shamba la robo ekari lenye miche mingi kuliko kitalu cha misitu. Wathamini wanaijua michezo hiyo na wanaifyeka kwenye fomu, na katika kufyeka huko huenda na mpapai wa haki.

Kanuni za mwaka 2001 zimetaja vitu vya kulipwa, na ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna thamani ya soko ya ardhi na kilicho juu yake. Kuna posho ya usumbufu. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara miezi 36. Kuna posho ya usafiri, inayopigiwa hesabu ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Na kama ulikuwa na biashara, kuna faida utakayoikosa, nayo ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36.

Miezi 36 ya faida si haba. Lakini soma sharti lake: faida hiyo ithibitishwe na hesabu zilizokaguliwa. Mwenye kituo cha mafuta anazo. Mama lishe aliyelisha madereva wa malori pale pale kwa miaka kumi na tano hana. Ana daftari la madeni lenye mafuta ya maandazi, na mara nyingi wadaiwa wameandikwa kwa majina ya utani. Kwake mistari ya kanuni inageuka kuwa posho ya kuhamisha sufuria, tena kama kibanda kilitambuliwa. Mpangaji wa chumba naye, aliyekaa miaka na kulea watoto hapo, mara nyingi hupata notisi kutoka kwa mwenye nyumba na kwaheri.

Kuna fedha nyingine zinazokwama ingawa zimeshatengwa, nazo ni za marehemu. Nyumba imeandikwa jina la babu aliyekufa mwaka 1998, mirathi haikufunguliwa, watoto wamezaliwa na mama watatu. Siku jina la babu linaitwa kwenye orodha ya malipo ndipo ukoo unapogundua kwamba haukuwa ukoo mmoja. Mahakama za mwanzo za maeneo yanayopitiwa na miradi hupata kazi, na wanaodai usimamizi wa mirathi huja na wazee wa pande zote mbili wakiwa hawasalimiani.

Marehemu wenyewe nao huhamishwa. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na reli ya kisasa ya SGR iliipa kazi ilipokuwa ikikata kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Sheria hii nimeipenda kwa kitu kimoja. Haimlipi mtu kwa kaburi lenyewe, kana kwamba mzazi ana bei; inalipa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, na inataja waziwazi gharama za matambiko ya kuwatuliza waliosumbuliwa. Katika maktaba yote ya sheria za ardhi hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoiona inakiri kwamba mtu akihamishwa kuna kitu hakihamishiki kwa lori la tani 12.

Sina ugomvi na treni. Tangu safari za abiria zianze Juni 2024 nimeipanda mara kadhaa, na mtu aliyewahi kwenda Dodoma kwa basi, akalala Gairo kwa sababu ya gurudumu, hawezi kuidharau safari ya chini ya saa nne. Mwendokasi nao, yaani mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, tangu Mei 2016, pamoja na misongamano yake ya kutiana viwiko, umewafikisha mjini watu ambao zamani waliondoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala. Ninapokaa dirishani na kuona Soga, Ruvu na Ngerengere zikipita nyuma ya uzio, najua nimekaa juu ya mashamba ya watu. Kila abiria amekaa juu ya shamba la mtu. Nauli yetu ingekuwa ya haki zaidi kama tungejua mwenye shamba alilipwa kabla au baada ya reli kulazwa.

Kwa sababu katika yale maneno matatu, kamili, ya haki na kwa wakati, la tatu ndilo linalovunjwa kimyakimya. Fidia pungufu hupiga kelele. Watu huandamana hadi kwa mkuu wa wilaya. Fidia iliyochelewa haina kelele, ina uchovu. Kanuni zinasema ikipita miezi sita bila kulipwa, riba ianze kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini ulioidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali unaisha nguvu baada ya miaka miwili, urudiwe upya kwa bei za wakati huo. Kwenye maandishi ni ulinzi mzuri. Lakini mfuko wa saruji na bati havisubiri miaka miwili kupanda bei. Vinapanda mwezi huu. Mtu aliyethaminiwa kwa bei ya jana analipwa kesho, akienda dukani anarudi na nusu ya nyumba. Na riba yenyewe ni lazima uijue ndipo uidai, uandike barua, upeleke, ugongewe muhuri wa kupokelewa, urudi kuulizia. Nimewaona wazee wakitembea na nakala za barua hizo ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa hadi mikunjo imetoboka.

Uganda walilitatua hili mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, ambamo mwenye ardhi alilalamika kwamba barabara ilikuja kabla ya fedha. Katiba yao inataka fidia ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na mahakama ikasema sheria ya utwaaji iliyoruhusu kinyume chake ni batili. Fedha kwanza, katapila baadaye. Serikali haikupenda, mwaka 2017 ilipeleka muswada wa kubadili Katiba ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na kazi wakati watu wakibishana juu ya kiasi, na muswada huo ulipingwa vikali, maana katika Buganda na kwingineko ardhi ni jambo la kufia.

Wenye miradi watasema ukimpa kila mwenye kiwanja uwezo wa kuzuia barabara, hutajenga barabara. Hoja hiyo ina uzito, na mkandarasi anayekaa bila kazi anatoza kila siku. Lakini itazame nchi ya Kenya. Katiba yao ya 2010 inaahidi fidia ya haki inayolipwa haraka, na kanuni zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu. Treni ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 31, 2017 kwa shangwe, na miaka baadaye bado kulikuwa na wenye ardhi wanaodai. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa: fidia inaweza kulipwa hadi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa, na badala ya fedha taslimu mtu anaweza kupewa ardhi nyingine, dhamana za serikali au hata hisa. Neno "haraka" likapewa urefu wa mwaka. Ukishamwachia mlipaji aanze kutumia kabla ya kulipa, haraka yake yote inaisha siku tingatinga linapoingia.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana nalo linaudhi kuliko yote. Haki ya mguswa inategemea nani kakopesha. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Masharti ya benki hiyo yanataka nyumba ilipwe kwa gharama ya kuijenga upya, bila kukata uchakavu, na hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi alipwe jengo lake na asaidiwe kuanza upya. Upanuzi kutoka Kimara kwenda Kibaha ukagharamiwa kwa fedha za ndani, kwa sheria za ndani. Barabara ni moja, ya Morogoro, na wanaokaa kandokando yake ni Watanzania wale wale. Ukivuka Kimara Mwisho, kitabu cha haki kinabadilika. Mara nyingi tunawalaumu wakopeshaji kwa masharti yao, na yapo ya kulaumiwa, lakini ni aibu kwamba mwenye nyumba ya udongo anaombea barabara yake ijengwe kwa mkopo.

Shangazi hajui mambo ya Benki ya Dunia. Anachokijua ni kwamba tangu siku ile ya tepu na kopo la rangi, maisha ya nyumba yake yalisimama. Aliambiwa asiendeleze. Mwanawe alitaka kuongeza choo cha ndani, akazuiwa. Alipopeleka hati yake ya kimila akope mtaji, ofisa mikopo alikuja hadi barazani, akaiona X, akaaga kwa adabu. Fundi cherehani aliomba kodi ipunguzwe kwa kuwa wateja wanamuuliza kila siku anahama lini. Bati la upande wa barabara limeoza, na shangazi hulitazama akipiga hesabu: nikiliezeka upya nimetupa fedha, nisipoliezeka natawadha ndani ya chumba mvua ikinyesha. Hakuna sheria iliyosema X ya kijani inakaa ukutani miaka mingapi. Amewahi kuuliza. Akajibiwa kwamba atalipwa eneo litakapohitajika.

Mwanzoni aliionea aibu. Alipanda ua la bogenvilia chini ya dirisha, likapanda, likaifunika, na kwa misimu miwili mtu asiyejua angedhani ni nyumba kama nyumba nyingine. Halafu mwaka jana likapita gari lenye watu wengine, vijana ambao hawakuwepo ile mara ya kwanza, wakiandika kwenye simu zao nyumba zenye alama. Walimaliza upande ule wa kijiji bila kusimama kwake. Shangazi aliwakimbilia na khanga mkononi, wakawa wameshafika darajani.

Siku hiyo hiyo alichukua panga akalifyeka ua hadi shinani. Alama ilikuwa imefifia. Miaka ya mvua na moshi wa malori imeila, mguu mmoja wa X umebaki kama kivuli. Jirani yake wa nyekundu, ambaye yake bado inaonekana vizuri sana, alisimama akimtazama.

Alinipigia simu usiku. Baada ya salamu ndefu, na habari za ng'ombe na za mchumba wa binti wa jirani, akaniagiza nikija kwa sikukuu nimletee kopo dogo la rangi ya mafuta na brashi. Ya kijani, akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisikubali kufungiwa tu dukani. Nilifungue kopo nilichungulie ndani kwanza, nihakikishe wasinipe nyekundu.